Brek yako ni hela yako, hasa nyie mlioko jimbo la Washington

Wale wa Seattle, Kent, Tacoma mnaofanya kazi kwenye majumba ya wazee, hii ni yenu. Kuna dada yetu mmoja anafanya shifti za usiku, usiku kucha anageuza wagonjwa, anabadilisha nepi, anajaza chati, na kila siku wanamkata nusu saa eti ya kula, wakati chakula chenyewe anakila amesimama na kengele zinalia. Inaniuma sana, maana sheria ya jimbo hili inamlinda na hakuna aliyemwambia.

Iko hivi. Ukifanya kazi zaidi ya masaa 5 lazima upewe dakika 30 za kula, na hawana haki ya kutozilipa mpaka wawe wamekuachia kabisa. Wakikwambia ukae hapohapo usikilizie wagonjwa, au wakikuita katikati, basi hiyo nusu saa yote inalipwa. Halafu kwa kila masaa 4 una dakika 10 za kupumzika, hizi zinalipwa siku zote, na wasikupeleke zaidi ya masaa 3 mfululizo bila kukupa. Wakikunyima hizo 10 wanakudai? Hapana, wewe ndio unawadai, dakika 10 zingine juu ya masaa yako, na kama tayari umepita masaa 40 kwa wiki inahesabiwa ovataimu, moja na nusu.

Ndugu yako wa Texas akikwambia huko kwao hakuna brek ya lazima hakudanganyi, sheria ya Marekani nzima haimlazimishi bosi kumpa mtu mzima brek, ni jimbo kwa jimbo. Hata mshahara, kima cha chini cha taifa kimekwama dola 7.25 kwa saa tangu 2009, Washington mwaka 2026 ni 17.13, na Seattle penyewe ni juu zaidi.

Kulalamika ni bure, unapeleka idara ya kazi ya jimbo, ile wanaiita L&I (Labor & Industries), ndani ya miaka 3. Hawaulizi makaratasi yako, mkalimani wanakutafutia, na bosi haruhusiwi kukufukuza kwa sababu umelalamika. Ila jamani andikeni, kila siku kwenye simu, umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, brek gani umenyimwa na nani alikuita, na ratiba ya shifti ipigeni picha kabla hawajaibandua ukutani.