Kadi zangu za Kiingereza: ephemeral imekubali, sasa nimepotelea kwa wadudu

Ruba imeng'oka! Wanaotumia Anki, programu ya kukariri kwa kadi zenye swali mbele na jibu nyuma, wanazijua ruba: kadi ukishaikosa mara 8, programu inaibandika lebo hiyo kwa kuwa inakunyonya muda bila faida. Yangu ilikuwa ephemeral, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mbele "-a muda mfupi", nyuma ephemeral. Inatokea, najibu temporary, nakosa. Inarudi, najibu short-term, nakosa tena. Nikikumbuka kwamba hii ndiyo kadi yenye neno gumu, napata, lakini hapo nimekariri kadi tu, neno lenyewe bado silijui. Inakera kuliko kukosa.

Kurundika visawe mbele hakukusaidia kitu. Nikiweka "-a kupita", transient inajipenyeza. Nikiweka "-sioweza kudumu", fleeting nayo inadai haki yake. Halafu ukitunga sentensi kwa tafsiri hizo unapata "ephemeral loan", mkopo ambao hakuna benki itakupa.

Kilichofungua njia ni kufuta tafsiri kabisa na kuandika swali: mwisho wake umewekwa na nani? Kibarua cha miezi mitatu, mkopo wa muda mfupi, daraja la mbao wakati la zege linajengwa: kuna mtu alikaa akapanga mwisho, na akitaka anaweza kuusogeza mbele. Hiyo ni temporary. Ephemeral huwezi kuiombea nyongeza ya muda, kwa sababu kwisha kumo ndani ya kitu chenyewe. Umaarufu wa mtu aliyevuma mtandaoni wiki hii. Ua linalochanua asubuhi na kunyauka jioni. Furaha ya kumfunga mtani wa jadi, ambayo mechi inayofuata inaweza kuifuta. Asili ya neno nayo inakubaliana na hili: ni Kigiriki, epi na hemera, yaani cha siku moja, na matabibu wa zamani walilitumia kwa homa inayopanda na kuondoka ndani ya siku.

Majirani zake nimewapa kadi za kujaza pengo, kila mmoja na kampani yake. Transient ni mpita njia: mgeni wa hoteli, umeme unaoruka ghafla kwenye waya, au ile transient ischaemic attack ya madaktari, dalili za kiharusi zinazoondoka zenyewe. Fleeting inapenda macho na uso: fleeting glance, fleeting smile. Evanescent inafifia mpaka huioni, na nje ya fizikia na ushairi sijaona inatumika sana, kwa hiyo sikuhangaika nayo.

Kadi ninayojivunia zaidi ni ya mito. Wanajiografia wakisema ephemeral stream hawamaanishi mto wa msimu, huo ni intermittent. Wanamaanisha ule unaopata maji mvua ikinyesha tu, kisha unabaki mchanga. Kumbe ni korongo letu hili hili, ambalo mchana unalivuka kwa miguu na jioni linabeba gari. Nimeweka picha ya korongo mbele, bila neno hata moja, na tangu hapo sijakosa.

Ushauri kwa wenzangu: deki za kupakua, yaani mafungu ya kadi zilizotengenezwa na wengine, achaneni nazo. Neno moja tafsiri moja, ndiko ruba zinakozaliwa.

Nilipanga sasa nirekodi sauti, maana sisi tunavuta mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wakati Kiingereza kinataka i-FE-me-ro. Sijarekodi hata moja. Nilitafuta picha ya Ephemeroptera, oda ya wadudu iliyopewa jina kutokana na mzizi huo huo, nikakutana na Povilla adusta wa Ziwa Victoria. Akiwa lava anatoboa mafunjo na mbao zilizo majini, hata za mitumbwi. Akishakua anatoka majini kwa makundi, siku chache baada ya mwezi mpevu, hali chochote, anapandana, anataga na kufa ndani ya saa chache. Wataalamu waliandika kuhusu ratiba yake hiyo ya mwezi tangu miaka ya 1950. Ila nina ubishi kidogo na waliompa jina: miezi yote ile ya kutafuna mbao mbona haihesabiwi?

Basi deki ya wadudu imeanza, na sauti zitasubiri. Bado kuna ephemeral port, namba ambayo kompyuta inaazima kwa muunganisho mmoja na kuiachia ukikatika. Kwenye Linux kwa kawaida ni kuanzia 32768 hadi 60999, ilhali IANA, chombo kinachosimamia namba za intaneti, inapendekeza 49152 hadi 65535. Na hapa swali langu linayumba, kwa sababu namba haifi, inarudi kwenye foleni ikaazimwe tena. Kinachokufa ni ule muunganisho. Nimeiwekea kadi yake peke yake na bendera nyekundu mpaka nipate swali bora.