Reli ya abiria Nairobi: hesabu ya kupishana kabla ya stesheni mpya

Kila habari za treni za abiria Nairobi zikitoka, swali la kwanza huwa lilelile: mbona treni haifiki kwetu? Swali ni la haki. Lakini pale penye njia moja tu ya reli, idadi ya safari haipangwi na wingi wa treni zilizonunuliwa. Inapangwa na mahali treni zinapoweza kupishana, na muda zinaopoteza kugeuka mwisho wa njia.

Chukua njia ya Syokimau, ambako stesheni ilifunguliwa Novemba 2012. Kutoka stesheni kuu ya mjini ni takriban kilomita 16. Tuseme treni inakwenda kwa wastani wa kilomita 32 kwa saa, vituo vikiwemo. Hiyo ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Ongeza dakika 10 za kugeuka kila upande, mzunguko mzima unakuwa dakika 80. Ukitaka treni kila dakika 20, unahitaji treni nne.

Sasa refusha njia kwa kilomita 10 tu. Mzunguko unaruka hadi karibu dakika 118, na huduma ileile ya kila dakika 20 inadai treni sita. Nairobi ilinunua treni za dizeli 11 zilizowahi kutumika kisiwani Mallorca, Hispania. Ukiacha mbili karakana kwa matengenezo ya kawaida, zinabaki tisa za kugawana kati ya Syokimau, Embakasi, Ruiru na Kikuyu. Kilomita 10 za upande mmoja zimemeza mbili. Ndiyo maana njia hurefushwa kwa shangwe, halafu ratiba inabaki na safari mbili asubuhi na mbili jioni.

Na hapo bado hatujagusa kupishana. Treni kila dakika 20 kwa kila upande maana yake ni kwamba kila kipande cha njia moja kinapitiwa na treni mbili ndani ya dakika 20, moja ikienda na moja ikirudi. Kila treni ina dakika 10 za kukimiliki kipande hicho. Toa dakika 3 za kusubiri mwenzake aingie, pointi (reli zinazosogea kuielekeza treni kwenye njia nyingine) zigeuzwe, kibali kitolewe na treni ianze kuchanganya mwendo. Zinabaki dakika 7. Kwa kilomita 32 kwa saa, dakika 7 ni kilomita 3.7. Kwa hiyo njia za kupishania, yaani vipande vya reli ya pembeni ambako treni moja husubiri nyingine ipite, zisiachane zaidi ya hapo. Kipande kimoja tu chenye kilomita 8 kinatosha kuivuruga ratiba nzima, hata kama vingine vyote viko sawa.

Ukipandisha wastani hadi kilomita 50 kwa saa, dakika zilezile 7 zinakupa kilomita 5.8. Wakati mwingine kuondoa sehemu tatu za mwendo wa pole, pengine daraja moja bovu na kona mbili zilizolegea, ni nafuu kuliko kujenga njia mpya ya kupishania. Na njia hizo zigawanywe kwa muda, si kwa kilomita. Upande wa Kikuyu, ambako reli inapanda zaidi ya mita 300 kutoka mjini, kilomita 4 za kupanda hazilingani na kilomita 4 za tambarare ya Embakasi.

Urefu wa njia ya kupishania nao una mitego. Ya mita 200 inatosha treni fupi ya abiria, lakini treni ya mizigo ikipita hapo haina pa kujibanza, na treni za abiria pande zote mbili zinasubiri. Ama uijenge iingize treni ndefu kuliko zote zinazotumia njia hiyo, ama mizigo ipite usiku tu na iandikwe hivyo kwenye ratiba. Usichague pointi kwa bei pekee: yenye pembe kali inamlazimisha dereva kuingia kwa mwendo wa kutambaa, na treni nzima lazima imalize kupita kabla ya kuongeza kasi. Dakika moja inapotea hapo, kila kupishana, siku nzima.

Kugeuka ndiko kunakoonyesha kwa nini treni za Mallorca zilikuwa ununuzi wa maana, mitumba au la. Zina chumba cha dereva pande zote mbili. Treni inayovutwa na kichwa, yaani injini ya mbele, ikifika mwisho, kichwa kinafunguliwa, mipira ya breki inatenganishwa, kinazunguka kwa njia ya pembeni, kinafungwa upande wa pili, kisha breki zinapimwa upya. Ikienda vizuri ni dakika 15 hadi 20, na njia mbili zimeshikwa. Ile yenye vyumba viwili, dereva anatembea hadi upande wa pili, anapima breki, anaondoka. Dakika 5 au 6 zinatosha, mradi jukwaa halijajaa watu wanaopanda kabla wengine hawajashuka.

Ziliweza kuja Nairobi bila kubadilishwa magurudumu kwa sababu reli ya huko nayo ni ya upana wa mita moja. Jambo hilo linaonekana dogo hadi uangalie Dar es Salaam. Treni za abiria za jiji zilipoanza Oktoba 2012, zilitumia reli mbili: ya TRL, kampuni ya reli ya Tanzania wakati huo, yenye upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye 1,067. Milimita 67 zinatosha kuhakikisha behewa la upande mmoja haliwezi kwenda kuokoa upande wa pili. Kila upande unahitaji treni zake za akiba. Reli mpya ya SGR, yenye 1,435, ni upana wa tatu katika jiji hilohilo.

Tuje kwenye njia yenyewe. Mashariki ya Nairobi ina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mitaro ikizibwa na takataka, maji yanakaa chini ya kokoto, kila gurudumu linapopita, taruma (gogo la mbao, chuma au zege linalobeba reli) linazama na kuinuka, tope linapanda juu. Utaliona kwa macho: kokoto zimepakwa weupe au weusi wa tope kuzunguka mataruma machache. Kumwaga kokoto mpya juu yake ni kutupa pesa. Baada ya mvua mbili tope linarudi. Inabidi kuchimba, kuweka tabaka la murram iliyoshindiliwa au kitambaa cha kutenganisha udongo, kisha kokoto safi zenye ncha, sentimita 25 hadi 30 chini ya taruma. Mtaro uchimbwe kwanza. Wakandarasi hupenda kuuacha mwisho, na mwisho ndipo bajeti huwa imekwisha.

Mataruma yakiachana sentimita 60, kilomita moja inahitaji takriban 1,670. Ya zege ni mazito na yanaishika reli vizuri, lakini usiyachanganye ovyo na ya chuma au mbao kwenye kipande kimoja, kwa kuwa yanabonyea tofauti na njia inakuwa na mawimbi. Kuchomelea reli badala ya kuziunga kwa bolti kunapunguza kelele na kuvunjika kwa ncha. Ila kumbuka joto: kilomita moja ya reli ikipata nyuzi 30 zaidi inataka kurefuka karibu sentimita 35. Kinachoizuia ni klipu, mataruma na bega la kokoto pembeni. Watu wakichota kokoto za pembeni wakajengee, reli inapinda mchana wa jua kali.

Kosa moja hurudiwa kila mahali. Njia ikiongezwa kokoto na kushindiliwa, reli inapanda, pengine sentimita 8. Jukwaa halikupanda. Mama mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa akipanda ngazi moja sasa anarukia, na kila abiria anaongeza sekunde. Mlango mmoja ukipitisha mtu kila sekunde 1.5, watu 40 ni dakika nzima. Reli iliyopanda pia inapunguza nafasi chini ya madaraja ya barabara. Kimo cha jukwaa na cha daraja vipimwe kutoka juu ya reli, kabla na baada ya kazi. Baada ya kushindilia, treni zianze kwa kilomita 20 au 30 kwa saa hadi kokoto zitulie, na mwendo huo uandikwe kwenye ratiba ya kipindi hicho badala ya kumwachia dereva lawama.

Stesheni ya Makadara ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Treni za Ruiru, Embakasi na Syokimau zote zinapita kati ya hapo na mjini. Kila njia ikiwa na treni kila dakika 20, hizo ni treni tisa kwa saa kila upande, yaani 18 kwa jumla: moja kila sekunde 200. Njia moja haiwezi kubeba hilo. Panahitajika njia mbili mwanzo hadi mwisho, na mpangilio wa makutano utazamwe kwa makini, kwa kuwa treni inayorudi kutoka Ruiru itaikata njia ya zinazotoka mjini. Mgongano huo wa ratiba ukiachwa, faida ya njia ya pili inaliwa nusu.

Treni 18 kwa saa pia haziwezi kupita katikati ya soko. Githurai na Mutindwa, bidhaa hutandazwa hadi kwenye mataruma na kuondolewa treni inapopiga honi, jambo linalowezekana kwa treni chache kwa siku. Ukuta peke yake hutobolewa. Kibera ulijengwa ukuta pamoja na nyumba na vibanda kwa waliohamishwa kando ya reli, na mpangilio wa namna hiyo ndio unaodumu: mahali pa kuuzia kwanza, vivuko vya miguu pale watu wanapovuka tayari, halafu ukuta. Vivuko vya magari navyo vihesabiwe. Geti likifungwa sekunde 90 kwa kila treni, treni 12 kwa saa ni dakika 18 barabara imefungwa, na matatu hazitasubiri. Hapo lijengwe daraja kabla ratiba mpya haijaanza.

Mwisho ni magurudumu. Kona nyingi hula ukingo wa gurudumu, breki za dharura huacha bapa. Mashine ya kuyachonga upya bila kuyatoa kwenye treni, pamoja na vipuri vya miaka mitano, viingie kwenye mkataba uleule wa kununua treni. Vikiachwa kwa mwaka wa fedha unaofuata, treni moja itaegeshwa na kunyofolewa vipuri kuokoa nyingine, na 11 zitakuwa 10 kabla njia haijaongezwa hata kilomita moja.