Nilivyofanikiwa kumshawishi mama mkwe tumalizie sindano za kichaa cha mbwa

Mwanangu alivyong'atwa na mbwa kwenye kigimbi nilimkimbiza bombani, maji na sabuni dakika 15 nzima, mtoto analia, majirani wananiambia weka mafuta ya taa, nikakataa. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevikwa ngozi ya mafuta, sabuni inaichana, na bila hiyo ngozi hakiwezi kuingia kwenye seli. Afu tukaenda hospitali, chanjo ikaanza siku hiyohiyo.

Kazi ikawa kwa mama mkwe. Kidonda kimekauka, mtoto anacheza, yeye anaona nauli ya kurudi ni hasara, "si keshapona huyu?" na mume wangu akamuunga mkono. Kubishana na mkwe siwezi, nikakaa nae mkekani nikaushika mguu wa mtoto nikawa namwonyesha kwa kidole.

Mama, mate yameingia hapa. Kirusi kinaweza kuzaliana kwanza kwenye msuli, kisha kinafika pale msuli unapokutana na mshipa wa fahamu, kinajishika kwenye seli ya mshipa na seli yenyewe inakimeza. Kikiwa ndani kinapandishwa juu na njia zilezile seli inazotumia kusafirisha vitu vyake. Kidole changu kikapita nyuma ya goti, paja, mpaka mgongoni. Kinazaliana humo, kinavukia seli inayofuata pale zinapogusana, kinga ya mwili haishtuki mapema, na nje kidonda kimeshafunga kabisa!

Akauliza inachukua muda gani. Nikamwambia mara nyingi miezi 2 au 3, ila kuna wa wiki chache na kuna wa mwaka, na aliyeng'atwa usoni ana hatari zaidi maana ubongo uko karibu. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji na kuweweseka, karibu wote wanakufa, ndo maana sindano zinawahi kirusi kikiwa bado njiani.

"Sasa kwenye mate kinafikaje?" Kikishajaa ubongoni kinashuka tena kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi za mate, na mbwa anang'ata ovyo.

Hapo akakumbuka mtoto wa jirani, yule mbwa alimlamba kwenye mchubuko. Akajifunga khanga akaenda kwao mwenyewe jioni ile, na asubuhi tukaondoka wote kwenda hospitali, maana kulambwa penye mchubuko nako kunahitaji chanjo.