Namna Nilivyoushikisha Utando wa Titani Nitridi kwenye Chuma Kisichoshika Kutu

Kazi niliyopewa maabara ilikuwa kufunika vipande vya chuma kisichoshika kutu, aina ya 304, kwa utando wa titani nitridi (muungano mgumu wa titani na nitrojeni) wenye unene wa mikromita 2 hivi, kisha kupima sifa zake. Rangi ya dhahabu, ambayo wageni wa maabara huisifu sana, haikunipa shida. Lililonisumbua ni utando kubambuka, pengine hata kabla haujapimwa.

Chuma hiki hakishiki kutu kwa sababu kromi iliyomo, takriban asilimia 18, huungana na oksijeni na kufanya ngozi ya oksidi yenye unene wa nanomita chache tu. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia titani kushikana na metali yenyewe, na haiondoki kwa asetoni wala ethanoli, ambazo hutoa mafuta tu. Ukiikwangua hewani, inajijenga upya papo hapo. Kwa hiyo niliing'oa ndani ya ombwe, yaani ndani ya mtambo uliotolewa hewa. Baada ya kung'arisha na kuosha vipande, niliingiza gesi ya argoni na kukipa chuma volti hasi, ioni za argoni, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme, zikakipiga usoni mpaka oksidi ikatoka. Kisha, bila kufungua mtambo, nikaweka kwanza tabaka jembamba la titani tupu, ndipo nikaruhusu nitrojeni iungane nayo kuwa nitridi. Titani tupu ni laini kuliko nitridi yake, hivyo hupokea sehemu ya mkazo unaotokea mtambo unapopoa, kwani chuma cha 304 husinyaa karibu mara mbili ya titani nitridi na kuubana utando uliokilalia.

Nitrojeni ilihitaji subira. Ikiwa chache, utando hubaki wa rangi ya fedha. Ikizidi, dhahabu huelekea kahawia, na kile kipande cha titani ndani ya mtambo kinachotoa atomi za kupaka nacho hufunikwa na nitridi, kasi ya upakaji ikashuka ghafla.

Kwenye ugumu, titani nitridi hupita 2000 kwa kipimo cha Vickers, ambacho hubonyeza ncha ya almasi kwenye kitu na kupima alama inayobaki, ilhali chuma cha 304 kilicholainishwa kwa joto hakizidi sana 200. Nilitumia uzito mdogo, ili ncha ya almasi isizame zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene wa utando, la sivyo ningekuwa napima chuma. Katika matumizi pia, mzigo mzito huupasua utando huu kama kigae kilichotandikwa juu ya godoro.

Dhidi ya maji ya chumvi, naona utando huu husifiwa kupita kiasi. Wenyewe hauliki kwa urahisi, lakini una vitundu vidogo vinavyopitisha kloraidi ya chumvi mpaka kwenye chuma, na kwa kuwa unapitisha umeme, uozo unaweza kukusanyika kwenye vitundu hivyo na kuchimba. Vipande vya kukaa majini nilivitengeneza kwa 316L, aina nyingine ya chuma kisichoshika kutu, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, utando nikauachia kazi ya kupambana na msuguano.