Nimemkuta pono kwake

Tangu niweke status zile picha za Mafia nikiwa majini watu wananiuliza swali moja tu, hukuogopa papa? Papa sikumwona hata mmoja, tumalizane na hilo kwanza. Niliyemwona ni pono, samaki wa mwambani, na tangu nirudi Dar kichwani kwangu ni pono tu.

Ngoja nieleze. Mi nimelelewa na shangazi yangu huku Temeke, anakaanga samaki, alfajiri yuko Feri kwenye mnada na jua likitoka beseni limeshafika nyumbani, na Jumamosi kazi yetu sisi watoto ilikuwa kuparua. Kwa hiyo samaki wa mwambani nawajua kwa vidole. Changu, tasi, chewa, mkundaji mwenye ndevu, kangaja na kile kijembe chake cha mkiani ambacho kimenikata sijui mara ngapi, na pono, ambaye magamba yake ni makubwa na yanaruka hadi kwenye nywele, ana ute, nyama laini inayovunjika kwenye mafuta usipokuwa makini, na meno yameshikana yote kuwa mdomo mmoja mgumu. Tulikuwa tunagombania kuchezea vichwa. Rangi yake mimi nilijua ni kijani cha kufifia, kile cha kwenye barafu, basi. Ukiniuliza pono anaishije, anakula nini, analala wapi, sijui, na kusema ukweli haikuwahi hata kunijia kuuliza.

Sasa mwaka huu tukachangishana marafiki tukaenda Mafia. Wenye hela wanapanda ndege kutoka Dar, ni karibu nusu saa tu, sisi tukateremka hadi Nyamisati tukapanda boti hadi Kilindoni, halafu ukavuka kisiwa kwenda upande wa mashariki, Utende. Hapo ndo geti la hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, ndo ya kwanza nchini ya aina hiyo, kilomita za mraba 822, na kitu nilichokipenda ni kwamba watu wanaishi humohumo ndani, visiwa vya Chole, Juani, Jibondo, wanavua, wanajenga majahazi, watoto wanaenda shule kwa mtumbwi. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, kwa hiyo jamani ile sababu ya "hayo ni mambo ya wazungu" sio ya bei ya geti. Hela inaenda kwenye boti na vifaa, hapo ndo panauma.

Siku ya kwanza ni snokeli tu, unaelea juu na maski na kile kimrija. Nilikuwa na wasiwasi wa kuvaa nini, maana sikuwa tayari kuingia baharini mbele ya nahodha mtu mzima nimevaa vile wanavyovaa kwenye mabango, lakini ile suti nyeusi ya mpira inafunika shingo hadi kifundo cha mguu, nikaongeza kitambaa chembamba kichwani chini ya mkanda wa maski, mambo yakaisha. Nasema hivi kwa dada zangu ambao najua hilo ndo linawazuia, ukweli linatatulika kabla ya chai.

Nahodha alitutoa kwa maji ya kujaa. Yule mzee hakuangalia saa, aliangalia maji. Chole Bay, ghuba ya hapo Utende, ina mlango wa kuingilia bahari kuu, Kinasi, na maji yakijaa yanaingia masafi kutoka nje, bluu kabisa unaona mbali, yakianza kutoka yanavuta matope na nyasi zote za kwenye ghuba na mikoko na hapo unaweza usione hata mkono wako vizuri. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mkondo pale mlangoni sio mchezo. Kwa hiyo yule kijana aliyekuwa anatuongoza akasema dada leo hatuna haraka lakini hatuna muda pia, nikacheka, nikaelewa nilipoona maji yalivyokuwa yanasonga.

Halafu nikainamisha uso.

Kitu cha kwanza sikukiona, nilikisikia. Kru, kru, kru, mtu anatafuna kashata karibu na sikio langu. Nikainua kichwa, kimya. Nikarudisha, kru kru. Sauti majini inakimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani kwa hiyo huwezi kujua inatokea wapi, inakuwa kila mahali, na nilizunguka pale nikitafuta hadi yule kijana akanivuta mkono akanionyesha. Pono! Wako kundi, wanauma mwamba. Ule mdomo tuliokuwa tunachezea unakwangua jiwe kabisa, unaacha alama nyeupe, anachokitafuta ni majani madogo ya baharini na vijidudu vilivyoota juu na ndani ya matumbawe yaliyokufa, anasaga na mawe yake humohumo kwa meno mengine yaliyoko kooni, halafu anaogelea mita mbili tatu na nyuma yake linatoka wingu la mchanga. Mchanga mweupe. Yaani mchanga ule wa fukwe ambao watu wanapigia picha za harusi, sehemu yake imepita tumboni kwa pono, na wale wa aina kubwa kabisa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka.

Na rangi sasa. Bluu ya kung'aa, kijani, mstari wa pinki kuzunguka jicho, njano mkiani, nilihisi kama nimedanganywa miaka yote. Pembeni yao kulikuwa na wengine wa kahawia wekundu hivi, wadogo kidogo, hawana mbwembwe. Nyumbani wale tuliwahesabu ni samaki wengine na bei yao ilikuwa chini. Jioni yule kijana akaniambia wengi wa wale ni majike ya haohao, pono wengi wanaanza maisha wakiwa majike, baadaye baadhi yao wanageuka kuwa madume na ndo wanavaa zile rangi. Nikamwambia acha utani. Akasema na vile visamaki vidogo vya rangi ya chungwa vinavyokaa ndani ya yule mnyama wa mwambani anayefanana na ua lenye sumu mambo yao ni kinyume, wote wanazaliwa dume, mkubwa wao ndo mama, akifa mama basi dume mkubwa anageuka kuwa mama wa nyumba. Hapo rafiki yangu mmoja akataka kuanzisha mjadala mrefu ambao siuandiki hapa.

Kuna mengine mengi niliyaona, nayapita haraka. Mkunga ametoa kichwa pangoni anafunua mdomo anafumba, nikadhani ananitishia, kumbe ndivyo anavyopumua. Chewa mkubwa amesimama wima kabisa ametanua mdomo na vijisamaki vyembamba vya bluu vinaingia na kutoka vinamsafisha meno, na yeye havili! Kobe wa baharini, ng'amba, anakula kitu mwambani hana habari na sisi. Bunju. Kiti cha pweza chekundu. Pweza mwenyewe sikumwona hadi nilipoonyeshwa kwa kidole, na hata nilipoonyeshwa nilibaki namtafuta, wakati akina mama wa Jibondo wanamjua kwa kuangalia mlango wa tundu tu maji yakiwa yamekupwa. Hilo nalo linanifikirisha, watu wanasema Waswahili hatuijui bahari kwa sababu hatuvai mitungi ya hewa ya kuzamia, wakati kuna bibi pale anaweza kukuambia jiwe gani lina mtu ndani.

Kuzamia na mtungi nilizamia mara moja, ile ya majaribio ambayo wanakushikilia muda wote na hawakupeleki zaidi ya mita 12. Unafungwa kiunoni mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi vya kukusaidia kuzama, mtungi mgongoni, juu ya boti unajiona mzee wa miaka tisini, ukiingia majini uzito wote unapotea. Instrakta ana sheria moja anairudia hadi unachoka: usibane pumzi. Ukiwa mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya juu, hewa uliyovuta kule chini ukiibana halafu ukapanda inatanuka na mapafu hayana pa kuipeleka. Kwa hiyo unapumua tu, taratibu, muda wote, na kupanda ni polepole, mwisho wa safari mnasimama mita tano kwa dakika tatu mnaangaliana. Masikio ndo yalinisumbua, unabana pua na kupuliza kila ukishuka kidogo, ukichelewa yanauma kweli.

Kitu kilichonishangaza huko chini ni hina yangu. Nilikuwa nimepaka kucha kwa ajili ya harusi, nyekundu iliyokolea, nikaziangalia nikaona kahawia ya kijivujivu haina uhai. Wekundu ndo rangi ya kwanza kumezwa na maji. Instrakta akawasha tochi, kucha zikarudi, akaimulika kwenye pango na lile pango lote lililokuwa la bluu likawa jekundu na chungwa na kundi la samaki wekundu wenye macho makubwa wamejificha ndani. Bila tochi wao pale ni kivuli tu.

Sio kote kuko hivyo. Kuna sehemu tulipita ni kifusi, vipande vya matumbawe vimelala kama vilivyoanguka, hakuna anayekaa. Nahodha alituambia sababu ni zaidi ya moja. Kuna baruti za miaka ya nyuma, mlio mmoja unaua kundi la samaki na nyumba yao. Na kuna mwaka ule wa elinino. Sisi wa Dar ukituambia elinino tunakumbuka mvua ya 1997 kuingia 1998, barabara zimekatika, nyumba za bondeni zimejaa maji. Kule chini haikuwa mvua, ilikuwa joto. Tumbawe ni mnyama, mdogo mno, na ndani ya nyama yake wamepanga vijimea vinavyomlisha kwa jua na kumpa rangi, sasa maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi hata kwa digrii moja tu na yakakaa hivyo wiki kadhaa, anawatimua wapangaji wake. Anabaki mweupe, yuko hai lakini ana njaa. Joto likishuka mapema anaweza kupona, likichelewa ndo basi. 1998 miamba mingi ya Mafia, ya huko Tutia hasa, ilikufa hivyo, na joto limerudi 2016 na 2024 tena.

Na hapa ndo pono wangu anarudi, maana tumbawe likishakufa majani yanalivamia upesi, na mtoto wa tumbawe anatafuta jiwe safi la kushikia, hawezi kushika kwenye majani. Anayelisafisha jiwe ni pono, na kangaja, na tasi. Wote wa kwenye beseni la shangazi! Nchi ya Belize walipiga marufuku kuvua pono 2009. Nimelifikiria hilo sana kwenye boti ya kurudi na sioni likifanya kazi kwetu, pono huku ni mboga ya mtu ambaye nguru hamudu, ukimnyima huyo utampa nini? Mimi nikiulizwa naanza na kokoro, ule wavu wa kuburuta, ambalo sheria imeshalikataza lakini linaendelea kuvutwa mchana kweupe na linazoa hadi vifaranga, na wale wanaopiga samaki usiku kwa tochi na mkuki, pono usiku analala fofofo, wengine wanajifunika utandu wa ute wao wenyewe kama chandarua, kumwua hapo ni kuokota tu. Na sisi watalii tusijitoe, niliona kundi la watu wazima wamesimama na mapezi yao juu ya tumbawe ili wapumzike na wapige selfi, hakuna aliyewaambia kitu.

Shangazi nilimwambia habari ya majike kugeuka madume akasema ndo maana wale wakubwa wana shombo. Nikamwambia sitakula pono kwa sasa. Akaniwekea changu, na changu naye nilikuwa nimemwona, lakini njaa ilikuwa imeshanizidi.

Nikipata tena likizo nataka papa potwe, na hiyo sio kwa Utende, ni upande wa pili, mbele ya Kilindoni kabisa, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Wanafuata dagaa na vijidudu vidogo jamii ya uduvi karibu na pwani, wanakuja hadi kwenye nyavu za wavuvi kunyonya, ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana shida na mtu. Kila mmoja ana madoadoa yake ubavuni na watafiti wanawatambua kwa picha. Watafiti wameshagundua kwamba wengi hata hawaondoki Mafia msimu ukiisha, wanasogea kwenye kina tu. Hapo mtungi hauhitajiki, snokeli inatosha, ila kuogelea iwe unajua vizuri kwa sababu unarukia maji marefu na potwe hakusubiri. Tuko watatu hadi sasa, boti tukifika sita inakuwa nafuu, anayetaka aanze mazoezi na aniandikie.