Koroboi za Majilio: nilivyopamba nyumba Hamburg kwa makopo na ringi ya baiskeli

Desemba hapa Hamburg, Ujerumani, jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Siku nyingi huwezi hata kusema limechomoza, maana mawingu yamelalia mapaa kama kifuniko cha sufuria. Mimi nimekulia Machame, Kilimanjaro. Desemba ya kwetu ni jua, ni watu kushuka kwenye mabasi na mizigo yao wakirudi kuhesabiwa nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza huku giza lile liliniingia mwilini. Nilitoka gizani, nikarudi gizani, na binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akaniuliza: "Mama, mbona madirisha ya wenzetu yote yana taa, letu halina?"

Fedha ya mapambo ya dukani haikuwepo. Nikatazama jikoni: makopo manne ya nyanya niliyokuwa sijayatupa. Nikamkumbuka fundi wa bati pale sokoni kwetu, anavyogeuza kopo tupu kuwa koroboi, anakata, anakunja, anatia utambi, jioni watoto wanasomea. Nikajiambia, kopo ni lile lile.

Nilianza vibaya. Nilishika msumari na nyundo nikatoboa kopo tupu, likabonyea pale pale. Kopo linahitaji kitu cha kulishikilia kwa ndani, na kitu chenyewe ni barafu. Unajaza maji, unagandisha, ndipo unatoboa. Nikaweka makopo barazani nikiamini baridi ya Ulaya itafanya kazi. Asubuhi juu kulikuwa na utando mwembamba tu, chini maji matupu; Hamburg ina mvua na upepo kuliko barafu. Nikayahamishia kwenye friza. Kesho yake yalikuwa yameganda kabisa, lakini nilikuwa nimejaza hadi ukingoni, na maji yakiganda hutanuka, kwa hiyo vitako vyote vilikuwa vimefura na kopo haliwezi kusimama. Tangu hapo naacha vidole viwili kutoka juu, na kitako kikifura kidogo nakigonga taratibu kwa nyundo barafu ikishatoka.

Kazi yenyewe inataka haraka na utulivu kwa pamoja. Karatasi ya jina la kopo naibandua mapema kwa maji ya moto, gundi inayobaki naifuta kwa mafuta ya kupikia. Nachora nyota kwenye karatasi, naigundisha kwenye kopo, nalilaza juu ya taulo lililokunjwa lisibingirike. Msumari, pigo moja, mawili, unasikia bati limekubali na ncha imegusa barafu. Tundu linalofuata liwe mbali kiasi cha upana wa kidole. Ukiyasogeza karibu sana, bati linapasuka kati ya tundu na tundu. Barafu ikianza kulegea, kopo linarudi friza, huna haja ya kulazimisha. Mwisho naliweka kwenye maji ya moto, barafu inateleza nje nzima, ina vijitundu vyake. Nalikausha hapo hapo. Mengine mawili niliyaacha mvuani kwa makusudi mpaka yakashika kutu ya kahawia, na hayo ndiyo ninayoyapenda zaidi, yana sura ya kitu kilichoishi.

Kosa jingine: niligonga Jumapili. Ujerumani Jumapili ni siku ya ukimya, hupigi nyundo. Bibi wa ghorofa ya chini akapanda kubisha. Nikamwomba radhi, nikamkaribisha chai, akaingia. Sakafuni kulikuwa na ringi ya baiskeli ya mtoto, inchi 20, niliyoiokota kando ya njia siku ambayo watu hutoa vyombo vyao vya zamani. Nilikuwa nimeitoa tairi na kuanza kufunga matawi kwenye spoki, ili iwe shada la Majilio, yale majuma manne ya kungojea Krismasi. Bibi yule aliitazama ringi kwa muda, akaniambia nimerudia jambo lililoanzia katika mji huu huu. Mwaka 1839, Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Kilutheri aliyekuwa akilea watoto maskini katika kituo cha Rauhes Haus, mtaa wa Horn, alichoka kuulizwa na watoto kila siku kama Krismasi imefika. Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo myekundu 20 kwa siku za kazi na mikubwa myeupe minne kwa Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Kituo hicho kipo mpaka leo. Kanisani kwetu Machame mishumaa minne ya Majilio nimeiona tangu utoto, na sikuwahi kujua kwamba chanzo chake ni gurudumu kuukuu.

Matawi yenyewe ni ya bure: wauza miti ya Krismasi hukata yale ya chini, ukiomba wanakupa. Niliyafunga kwa kamba ya katani iliyokuja imefunga boksi la kahawa kutoka kwa mama. Nilipokuwa nazungusha kamba ile nikakumbuka somo la shuleni: mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida, na miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Niliishika kamba ile kwa heshima, nikafunga kila fundo polepole.

Mishumaa minne naiweka ndani ya chupa za jamu, kamwe si juu ya matawi, kwa sababu nyumba yenye hita hukausha majani ndani ya wiki moja na moto hauna subira. Nanyunyizia maji kila asubuhi, na nikitoka chumbani nazima.

Sweta la sufu la mume wangu, lililosinyaa baada ya kufuliwa kwa maji ya nyuzi 60, limetoa nyota kumi na moja. Sufu iliyosinyaa hivyo inashikamana, ukiikata haifumuki.

Jioni ya kwanza nilipiga simu ya video nyumbani. Mama akasogeza simu karibu na uso. "Mwanangu, hiyo si koroboi?" Ndiyo mama, ni koroboi. Binti yangu alikuwa dirishani akihesabu vitone vya mwanga vilivyoangukia ukutani.

Mwaka huu bibi wa chini ameniletea makopo saba, ameshayaosha na kuyabandua karatasi. Friza imejaa, na mboga nimezihamishia barazani.