Kumbe Ni Usingizi

Jumapili ile jioni, uani kwetu Arua, Uganda, mbwa wetu mchanga, Simba, alimng'ata binti yangu mguuni, juu kidogo ya kifundo. Simba alikuwa na wiki 14. Meno ya mbwa mchanga ni sindano tupu; yaliacha vitundu viwili vyekundu na soksi iliyochanika. Nilimpeleka binti bombani, nikamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, jicho kwenye saa, kisha boda boda hadi kituo cha afya. Simba alishachanjwa, ila kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kubahatisha.

Kosa lilikuwa langu. Wiki nzima nilikuwa namkimbiza, nikiamini nguvu zimemzidi na dawa ni kumchosha. Asubuhi uwanjani, mchana watoto wanamrushia mpira chini ya mwembe, jioni tena. Akazidi! Macho yamemtoka, anazunguka ua kama pia, ananing'inia kwenye gomesi, lile gauni refu, la mama watoto.

Mzee jirani, mfugaji wa mbwa wa ulinzi, alikuja kutupa pole. Akamtazama Simba kwa muda.

"Mwanangu, huyu analala saa ngapi?"

Nikahesabu: usiku masaa manane hivi, mchana hana.

"Basi ana usingizi. Mtoto asipolala hulia. Huyu kilio chake ni meno."

Mbwa wa umri ule huhitaji masaa 18 hadi 20 ya usingizi kwa siku. Usiku uleule nilipigilia mbao kuukuu kuwa kibanda, juu nikafunika gunia kukata mwanga. Ratiba: saa moja macho, mawili kibandani. Mara ya kwanza alilia kama dakika kumi, halafu kimya. Nilipochungulia, alikuwa chali, ulimi nje.

Matembezi nikayapunguza hadi dakika 15, polepole, anuse kila kichaka apendavyo. Kunusa kunamtuliza kuliko mpira.

Ung'ataji haukuisha siku moja, maana ufizi ulikuwa unawasha: meno 28 ya utotoni yalikuwa yanajiandaa kuyapisha 42 ya ukubwani. Tulifunga fundo kwenye kipande cha taulo, tukakilowesha na kukigandisha, akawa anatafuna hicho. Mifupa iliyopikwa nilikataza, hupasuka vipande vyenye ncha. Akikamata mkono, hauvutwi. Kitu kinachokimbia kwake ni windo. Unauacha ulegee, akiachia unaondoka nusu dakika bila neno. Mayowe aliyaona ni mchezo. Binti alijifunza kusimama kama mti, mikono kifuani, na hilo ndilo lililochukua siku nyingi zaidi, kwa sababu kila akicheka, Simba aliruka.

Wiki tatu baadaye binti alikuta jino la mbele la Simba sakafuni, dogo kama punje ya mchele. Akaliweka ndani ya kiberiti.